Jembe la Siku ya Tatu
(Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliwaacha Warundi wa mwaka 1972 ufukweni Kigoma, wametua na watoto na vifurushi baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika, nyuma yao jeshi la Rais Micombero likiendelea kuua. Leo tuwafuate porini.

Nikisema porini sipambi maneno. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa mwaka uleule wa 1972. Katumba, jirani na Mpanda, ikafuata mwaka 1973. Yalikuwa mapori ya miombo yenye mbung'o na wanyama, na kama yangekuwa na watu tayari, serikali isingewapeleka wageni huko. Ulyankulu ilijaa upesi mpaka maji na udongo vikaelemewa, ndipo mwaka 1978 Mishamo ikafunguliwa kupunguza msongamano. Kila familia ilipimiwa shamba, yapata hekta 5, ikapewa zana, mbegu na chakula cha kuvukia hadi mavuno. Kilichobaki kilikuwa juu ya mikono yao.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii humpiga kijembe mgeni asiyejua kuaga. Hapa iligeuka kuwa sera ya nchi, tena bila kejeli. Ndiyo maana wakazi wa Katumba watakusahihisha ukiita mahali pao kambi. Wao husema makazi, na aliyewasimamia kwa niaba ya serikali aliitwa Mkuu wa Makazi. Kambini mtu hupanga foleni akisubiri mgawo wa unga. Kwenye makazi haya watu walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakala, na ziada wakauza. Walilipa kodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekabidhi uendeshaji wa makazi kwa serikali, kwa kuwa watu walikuwa wanajilisha. Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa mambo ya aina hii. Alistahili, ingawa misitu ile haikufyekwa na Ikulu.

Na pumziko walikuwa nalo: waliimba. Vijiji vilipangwa kwa mistari, njia zikapewa namba badala ya majina. Msikilizaji wa nyimbo za injili anayeijua kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, na wanaoijua ni wengi, anataja ramani ya makazi ya wakimbizi pengine bila habari. Namba aliyoiweka mpima ardhi kwa urahisi wa hesabu zake imekuwa jina la kujivunia.

Nisije nikawachorea pepo. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Watu waliofungiwa pamoja na kumbukumbu moja ya damu hawaisahau kirahisi: chama cha Palipehutu, kilichokuja kupigana Burundi, kilizaliwa Mishamo mwaka 1980. Katikati ya muongo huo mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na Warundi wa Mishamo, kisha akawalinganisha na wenzao waliojipenyeza wenyewe mjini Kigoma. Wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni, linalosubiri siku ya kurejea. Wa Kigoma walikuwa wamechanganyika na wenyeji, wameoana nao, na wengi hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Nchi waliyotoka ilikuwa moja, na mwaka wa kuondoka ulikuwa uleule. Mimi nasoma hivi: shamba lilimpa mtu wa Mishamo chakula na heshima, lakini kibali kilimkumbusha kila alipotaka kwenda mjini kwamba yeye si wa hapa.

Hebu tulitazame na neno lenyewe. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka 1980 hakukimbia kokote. Alisoma kwa Kiswahili, akaoa, akazaa, na bado daftari la serikali lilimwandika mkimbizi, na wanawe vilevile. Jembe lilikuja siku ya tatu. Karatasi ya uraia ilichukua zaidi ya miaka 40.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2007, Tanzania, Burundi na Umoja wa Mataifa walipokubaliana kuwauliza watu wenyewe wanataka nini. Makazi yote matatu yalikuwa na takribani watu 218,000. Wanne kwa kila watano walichagua kubaki, na zaidi ya 50,000 wakarudi Burundi. Waombaji wa uraia wa Tanzania zaidi ya 162,000 walikubaliwa, wakatakiwa kuukana uraia wa Burundi. Hapo mambo yakakwama. Serikali ilitaka kwanza wahame makazi na kutawanywa mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Mikoa nayo ikawa na maswali yake. Miaka ikapita mtu si Mrundi tena, Mtanzania bado. Nani ataezeka bati jipya katika hali hiyo, au kupanda mwembe ambao huenda ukaliwa na mwingine?

Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete akaanza kukabidhi vyeti. Ni nadra nchi yoyote kuwapa uraia watu wengi hivyo kwa mkupuo. Tulikuwa tumewahi kufanya kitu cha namna hiyo kwa Wanyarwanda mwaka 1980, hivyo asiseme mtu kwamba ni jambo geni kwetu.

Lakini yaweke makazi hayo kando ya kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae kambini, na kilimo cha kujitosheleza kama cha Katumba hawakukipata. Watoto wamekua wakila chakula kinachopimwa kwa kilo, na mgawo unapopunguzwa hawana shamba la kukimbilia. Hutajwa uhaba wa ardhi, wingi wa watu na usalama wa mpakani, na sababu hizo ni za kweli. Nashindwa tu kukubali hitimisho kwamba mgeni asiye na jembe ni nafuu kwa mwenyeji.

Katika simulizi hii wamebaki wale 50,000 na ushei waliorudi Burundi. Walirudi Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye michikichi ambayo baba zao waliwasimulia, vijana wengi wakiongea Kiswahili kwa wepesi kuliko Kirundi. Mashambani walikuta watu wengine, wamelima hapo tangu mwaka uleule wa 1972. Juma lijalo tutavuka ziwa pamoja nao.