Capileira, Kijiji cha Theluji na Maji ya Zamu

Kusini mwa Hispania, mahali ambapo milima ya Sierra Nevada huteremka kuikabili bahari, ipo nchi ya mabonde na magenge iitwayo Alpujarra, na katika bonde la mto Poqueira vimejipanga vijiji vitatu, kimoja juu ya kingine: Pampaneira chini, Bubión kati, na Capileira juu ya vyote, katika kimo cha mita 1,436. Nyuma yake umesimama mlima Mulhacén, wenye mita 3,479, mrefu kuliko yote ya Hispania ya bara, uliopewa jina la Abulhasan Ali, mmoja katika masultani wa mwisho wa Granada.

Nyumba za Capileira zimeegemea mteremko hata paa la jirani wa chini likakaribia kizingiti cha jirani wa juu. Kuta zake ni za mawe na udongo, zimepakwa chokaa. Mapaa hayana mgongo wala vigae, bali ni bapa, na namna ya kuyajenga ni elimu kamili. Kwanza hulazwa boriti, kisha fito au matete, kisha mabamba ya mawe, na juu ya hayo yote humwagwa udongo wa kijivu wa milimani, uitwao launa, ambao ukipata mvua hushikamana, maji yasipate pa kupenyea. Wazee wameshikilia tangu jadi kwamba launa sharti imwagwe mwezi unapopungua, la sivyo nyumba itavuja. Mapaa hayo ndiyo uwanja wa kuanikia tini na pilipili. Katika vichochoro chumba cha nyumba moja huvuka njia kikaegemea ukuta wa pili, wapitao wakapita chini yake kivulini, na mtu aliyezoea wikio za Lamu angejiona yu kwao.

Waliofundisha ujenzi huu walikuwa Waislamu. Granada iliposalimu amri mwaka 1492 waliahidiwa kuachiwa dini yao, lakini ahadi haikudumu. Walibatizwa kwa nguvu, na mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili akawaharimishia lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1568 Alpujarra ikaasi. Vita vilipokwisha, mwaka 1571, ahali ya vijiji hivi walikuwa wamekwisha kung'olewa makwao na kutawanywa katika Castilla, na mahali pao wakaletwa walowezi kutoka kaskazini, wengine Galicia, wengine León na Asturias. Husimuliwa kwamba katika kila kijiji jamaa mbili za Waislamu zilizuiliwa zisiondoke, ili ziwafunze wageni desturi za maji. Dhuluma hii yauma moyo: watu walihesabiwa kuwa hawafai kukaa katika nchi yao, ilhali nchi yenyewe haikuweza kukaliwa pasipo elimu yao.

Na elimu ya maji ndiyo urithi mkubwa wa Capileira. Kiangazi hakina mvua, lakini theluji ya majira ya baridi hudumu vileleni, na ianzapo kuyeyuka hupokewa na mifereji iitwayo acequia, iliyochimbwa kwa jembe ubavuni mwa mlima. Iko mifereji ipelekayo maji mashambani moja kwa moja. Iko mingine ambayo mgeni akiitazama hudhani ni upotevu mtupu. Msimamizi wa mfereji huubomoa ukingo mahali alipoonyeshwa na waliomtangulia, maji yakamwagika juu ya majani na mawe, yakanywewa yote na ardhi. Baada ya majuma au miezi maji yale yale, yakiisha kupita polepole ndani ya mlima, hububujika katika chemchemi za chini, wakati ambapo theluji imetoweka na mashamba yana kiu. Ugawaji wake ni wa zamu, na mtu ambaye saa yake yaangukia usiku wa manane huamka akatwaa jembe lake.

Walowezi nao walileta yao. Majira ya baridi huchinjwa nguruwe, na mapaja yake hutiwa chumvi yakakaushwa kwa upepo wa mlima, kazi iliyokipatia sifa kijiji jirani cha Trevélez. Na watu wa Trevélez, kila tarehe 5 Agosti, humpandia Bikira Maria wa Theluji kwa ibada hata kilele cha Mulhacén. Katika Válor, kijiji cha ukoo wa Aben Humeya aliyeongoza maasi, vita vya Waislamu na Wakristo huigizwa hadharani kila Septemba. Wanawake hufuma vitambaa vikuukuu vikawa mazulia ya rangi nyingi, yaitwayo jarapa.

Katikati ya karne ya ishirini vijana wengi walihamia Barcelona na miji mingine kutafuta kazi, na mifereji mingi ya milima hii ikafukiwa na mawe na vichaka. Tangu mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na watu wa kujitolea, wamekuwa wakiizibua kwa sepetu na majembe, na wazee ndio huulizwa kwanza, kwa kuwa mahali pa kubomoa ukingo wapajua wao.