Wanahisa wapo, kampuni haziendi sokoni

Bonasi ya majani chai ikishaingia benki mwezi wa Oktoba, maduka ya Othaya, Kerugoya na Nkubu huchangamka. Fundi huitwa kupaua nyumba, karo iliyokuwa ikidaiwa hulipwa, na muuza magodoro hupata wateja. Wanaotumia fedha hizo ndio wenye viwanda. Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati katika Kaunti ya Nyeri, Kangaita na Ndima huko Kirinyaga, Imenti na Githongo huko Meru: vyote ni kampuni, na wakulima wanaochuma chai inayopelekwa pale ndio wanahisa. Nchini kote, wakulima walio chini ya mwavuli wa KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo na lililobinafsishwa mwaka 2000, wanazidi 600,000.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya viwanda hivyo ambacho hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Chai iliyoorodheshwa pale ni ya kampuni zenye asili ya mashamba makubwa, kama Sasini, Williamson, Kapchorua na Limuru. Hilo linapaswa kutushughulisha, kwa sababu sharti linalozitoa jasho kampuni nyingi, la kuwa na wanahisa wengi, wakulima wa Mlima Kenya walilitimiza zamani.

Kanuni za mwaka 2002 ziliongoza soko kwa miongo miwili hadi zilipofanyiwa mageuzi mwaka 2023. Kwa kanuni hizo, kampuni iliyotaka kuingia sehemu kuu ya soko ilitakiwa iwe na mtaji wa hisa uliolipwa wote usiopungua shilingi milioni 50 na mali ya shilingi milioni 100 baada ya kutoa madeni. Ilitakiwa pia ilete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano, na katika mitatu kati ya hiyo iwe imepata faida. Robo ya hisa zake ilipaswa kuwa mikononi mwa watu wasiopungua 1,000, wafanyakazi wake wasihesabiwe. Sehemu ya pili ilikuwa na masharti mepesi zaidi: mtaji wa milioni 20 na wanahisa 100. Kisha mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa tatu kwa kampuni zinazokua, ule unaojulikana kama GEMS. Hapo mtaji wa milioni 10 ulitosha, wanahisa 25 walitosha, na hakuna aliyeuliza habari ya faida.

Milioni 10! Ghala moja la vifaa vya ujenzi mjini Nanyuki laweza kuwa na bidhaa za thamani hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba wafanyabiashara wetu wamezuiwa na ukubwa wa mtaji hajafungua daftari zao. Kinachowazuia kimo humo humo ndani ya daftari. Mzee aliyeanzisha biashara ndiye mwenyekiti, mweka hazina na mtia sahihi wa hundi, na bodi yake ni mkewe na wanawe. GEMS ilitaka wakurugenzi wasiopungua watano, theluthi yao wasiwe watendaji wa kampuni. Ploti ambayo duka limesimama juu yake imeandikwa jina la mzee, si la kampuni, kwa hiyo kwenye karatasi kampuni ni maskini ingawa mji mzima unaijua kuwa tajiri. Mzee akifariki, ploti hiyo inageuka kuwa kesi ya urithi, na hakuna mkaguzi atakayeihesabu kuwa mali ya kampuni.

Dawa ni kupanga nyumba kabla ya kukaribisha wageni, na mfano wa karibu tunao. Equity ilianzishwa mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, ikiwa chama cha mikopo ya nyumba. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa imefilisika kihesabu, yaani madeni yalipita mali. Ndipo James Mwangi, aliyekuja kuwa kiongozi wake, alipojiunga nayo, na kazi ya kuijenga upya ikachukua zaidi ya mwongo mmoja. Mwisho wa mwaka 2004 ikawa benki kamili, na Agosti 2006 ikaorodheshwa Nairobi bila kuuza hisa mpya hata moja. Wengi husimulia safari hiyo kana kwamba soko ndilo lililoikuza Equity. Mimi naona kinyume chake: soko liliikuta imeshakomaa.

Mfano mwingine unauma kidogo. Mount Kenya Bottlers, kiwanda cha soda cha Nyeri, kiliunganishwa na vya Eldoret na Kisii mwaka 2013 kuwa Almasi Beverages. Almasi yenyewe haikuorodheshwa. Iliyokuwa sokoni ni kampuni ya uwekezaji ya Centum, mwenyehisa wake mkubwa. Mkazi wa Nyeri aliyetaka kununua sokoni sehemu ya kiwanda cha mji wake alilazimika kununua hisa za Centum. Mwaka 2019 Centum ikaingia makubaliano ya kuiuzia Coca-Cola Beverages Africa sehemu yake.

Woga wa wenyeji kwa soko la hisa nao una sababu. Kampuni ya udalali wa hisa ya Nyaga iliwekwa chini ya usimamizi maalum mwaka 2008, na waliokuwa wameiamini kwa hisa zao waliumia. Home Afrika, kampuni ya kwanza kupitia GEMS mwaka 2013, ilianza kwa shilingi 12 kila hisa na baadaye ikashuka chini ya shilingi moja. Masharti mepesi ya kuingia hayakumlinda mnunuzi, ndiyo maana siungi mkono wanaotaka yalegezwe zaidi.

Turudi kwa mkulima. Kikwazo chake ni sharti lisilotajwa sana: hisa zinazoorodheshwa lazima ziweze kuuzwa kwa yeyote bila kizuizi. Hisa za kiwanda cha chai zimefungamana na mkulima anayepeleka majani pale. Kazi ya kifungo hicho ni kuzuia kiwanda kisitoroke mikononi mwa wachumaji. Sacco nazo, iwe ni ya walimu au ile ya matatu ya 2NK inayotuvusha kati ya Nyeri na Nairobi, ni vyama vya ushirika, na soko hupokea hisa za kampuni za umma tu. Mkulima ana haki kuogopa kwamba siku hisa zikiwa huru, mtu wa Nairobi mwenye fedha atazinunua kijiji baada ya kijiji.

Hata hivyo GEMS ilidai asilimia 15 tu ya hisa ziwe kwa umma. Wakulima wanaweza kuunda kampuni ya kupakia na kuuza chai yao, viwanda vyao vikamiliki asilimia 85, na sehemu iliyobaki ndiyo iende sokoni. Nguvu ya kura ingebaki mikononi mwao. Mkutano mkuu wa kiwanda chochote cha mlimani waweza kulijadili hilo mwaka huu, mradi wakurugenzi walete mezani hesabu za miaka mitano zilizokaguliwa na zinazosomeka.