Chanjo ya Mbwa, Paka na Punda: Jambo la Kila Nyumba

Asiyefuga mbwa hujiona yu salama. Katika mitaa yetu ya Mji Mkongwe dhana hiyo ina mizizi mirefu, kwani nyumba nyingi hazina mbwa, na chanjo huonekana kuwa shughuli ya wageni na ya wasasi wa mashamba. Lakini paka je? Asubuhi samaki wanapoteremshwa Malindi, paka hawahesabiki, na wengi wao hulala barazani kwetu na kuingia misikitini bila ya mtu kuwazuia. Paka hupata kichaa cha mbwa. Punda wa gari naye hupata, na ng'ombe pia. Jina la maradhi limemtaja mbwa kwa sababu yeye ndiye chanzo cha vifo 99 katika kila 100 vya binaadamu.

Wenzetu wa Pemba wanayajua haya. Mwaka 2014 maradhi yalikwisha kisiwani humo. Mwaka 2016 yakarudi, yameletwa na wanyama kutoka nje ya kisiwa, na watu wakafa. Yakaondolewa tena mwaka 2018, baada ya mbwa kuchanjwa kisiwa kizima kwa mpango mmoja. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, virusi hukosa njia ya kupita. Bahari, basi, haikuilinda Pemba. Kilichoilinda ni sindano.

Sisi wafuasi wa Imamu Shafi tumefundishwa tangu chuoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hapa pana hatari ya mzazi kuchanganya twahara na tiba. Kidonda hakipakwi udongo, maana udongo unaweza kuingiza pepopunda. Huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Twahara ina nafasi yake, na sharia haimtaki mtu ajiangamize. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Wapo wanaouliza kwa nini mnyama aliyeuma asipimwe damu, tukajua mara moja. Kipimo cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya chanjo, kina kazi nyingine. Anayetaka kumpeleka paka wake Ulaya kutoka hapa kwetu humchanja kwanza, husubiri siku zisizopungua 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa. Kiwango kikifika uniti 0.5 kwa mililita, husubiri tena miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Kipimo hicho hushuhudia kwamba mwili umeitikia chanjo. Hakiwezi kusema kama mbwa aliyeuma jana ana maradhi, kwani virusi husafiri ndani ya mishipa ya fahamu, na kingamwili huchelewa mno kuonekana katika damu. Uhakika hupatikana kwenye ubongo, mnyama akishakufa.

Mbwa au paka aliyeuma, ikiwa anaonekana mzima, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki na afya yake, hakuwa na virusi katika mate siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano za mtoto. Lakini sindano huanza kwanza. Hazingoji siku 10 zitimie.

Linalobaki ni la mtaa. Mbwa wasio na mwenyewe, nani atawapeleka? Kwa maoni yangu, kamati za misikiti zisione haya kulisema hili. Tangazo la siku ya chanjo likisomwa baada ya sala ya Ijumaa litafika mbali kuliko karatasi iliyobandikwa kwa sheha, na vijana wanaojua mbwa wa jaa fulani wanalala wapi watakuwa wamesikia. Wenye punda waje nao pia. Paka aliyefikia miezi 3 achanjwe, na aletwe ndani ya tenga lenye kifuniko, maana paka mpole wa barazani, akiiona sindano, si yule tena.