Bunge la Chumba Kimoja: Mfano wa Nebraska

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi swali hili husikika mara kwa mara: azimio lililopitishwa na wanachama likienda kwenye kamati na kurudi limebadilika, ni nani aliyelibadilisha? Swali la namna hiyo liliwasumbua pia wananchi wa Nebraska, jimbo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe katikati ya Marekani. Jawabu lao lilikuwa kuondoa chumba kimoja cha bunge lao.

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Majimbo 49 yana mabunge ya vyumba viwili, na Nebraska nayo ilikuwa hivyo hadi mwaka 1936, ikiwa na Baraza la Wawakilishi la wajumbe 100 na Seneti ya wajumbe 33. Mabaraza hayo yalipopitisha muswada mmoja kwa maneno yanayotofautiana, watu wachache waliketi faraghani kuupatanisha. Walichokuja nacho hakikurekebishwa tena. Kilikubaliwa chote au kukataliwa chote. George Norris, aliyeiwakilisha Nebraska katika Seneti ya taifa, alishikilia kwamba huko ndiko haki ya mwananchi ilikopotelea, kwani kila baraza liliweza kulitupia jingine lawama. Mwaka 1934 alizunguka jimboni kwa motokaa akieleza hoja yake. Novemba ya mwaka huo wapiga kura waliikubali, na bunge jipya lenye wajumbe 43 likaanza kazi Januari 1937.

Siku hizi wajumbe ni 49, nao huitwa maseneta. Kila mmoja huchaguliwa katika wilaya ya uchaguzi yenye watu wapatao 40,000, kwa muda wa miaka minne, na kila baada ya miaka miwili karibu nusu ya viti hupigiwa kura. Karatasi ya kura haitaji chama cha mgombea. Katika kura ya awali mwezi wa Mei, wawili wenye kura nyingi zaidi huendelea hadi Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Hii haina maana kwamba vyama havipo. Mpiga kura mwenye habari hujua vema seneta wake ni wa upande gani. Tangu mwaka 2006 kikomo cha vipindi viwili mfululizo kimekuwa kikiwaondoa wajumbe, ingawa seneta anaweza kugombea tena akishapumzika miaka minne.

Uongozi wa bunge hilo unastahili kutazamwa kwa makini. Spika na wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wajumbe wote kwa kura ya siri, ili mjumbe asiadhibiwe na wakubwa wa chama chake kwa kumchagua anayefaa. Lakini kura ya kupitisha sheria huandikwa kwa jina, na yeyote aweza kuisoma.

Kwa kuwa hakuna chumba cha pili cha kuzuia haraka, vizuizi vimewekwa ndani ya chumba chenyewe. Kila muswada hubeba jambo moja tu, husikilizwa hadharani na kamati, ambako mwananchi yeyote aweza kusema, kisha hupita hatua tatu mbele ya bunge zima. Kwa kawaida kura 25 hutosha kuupitisha, na 30 huhitajika kushinda pingamizi la Gavana. Mjadala ukirefushwa makusudi, kura 33 ndizo zinazoweza kuufunga. Hivyo wajumbe 17 wenye msimamo mmoja waweza kuukwamisha muswada, jambo linalolalamikiwa na wengi walio upande mkubwa.

Mwaka 1988 wapiga kura walipanga mshahara wa seneta kuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo wengi huwa na kazi nyingine. Vikao huanza Januari, siku 60 za kazi katika miaka inayogawanyika kwa mbili na siku 90 katika ile mingine. Kikao kirefu hufika hadi msimu wa kupanda mahindi, na mkulima mdogo asiye na mtu wa kumwachia shamba hujiuliza mara mbili kabla ya kugombea.