Chungu cha Sake

Barabara ikitoka Goma, baada ya kilomita zipatazo 25 kuelekea magharibi, inafika Sake, kandoni mwa Ziwa Kivu, na hapo inagawanyika. Tawi moja linapanda Mushaki na milima ya Masisi. Lingine linafuata ziwa kwenda Kirotshe na Minova. Njia ikiwa wazi, malori yanayoshuka kutoka Masisi hupita na maharagi, viazi, mahindi, kabichi na jibini ambayo huliwa mpaka Kinshasa. Udongo ni mweusi, wa volkano, mvua ni nyingi, na malisho ya ng'ombe ni ya kijani karibu mwaka mzima.

Katika nchi kama hiyo mtu angetegemea watoto wawe warefu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Congo walio chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyodai. Katika Kivu ya Kaskazini, jimbo la Sake, walizidi nusu.

Sababu ziko nyingi: vita, malaria, kuhara, maji machafu. Ila moja inaonekana sokoni kwa macho. Mama analima maharagi, anafuga kuku, pengine ana maziwa, halafu anauza vyote hivyo apate ada ya shule, sabuni na dawa. Kwa pesa inayobaki ananunua unga wa muhogo, kwa sababu unga unashibisha wengi kwa bei ndogo. Gramu 100 za unga huo hazina hata gramu 2 za protini. Maharagi makavu yaliyopandishwa lorini, kwa uzito uleule, yana zaidi ya gramu 20. Tumbo la mtoto linajaa, lakini mwili haupati cha kujengea.

Ndiyo maana ushauri mzuri wa lishe hauanzi kwa kukataza bugali wa muhogo. Picha za matofaa na maziwa ya kopo zinazobandikwa kwenye kuta za vituo vya afya hazimsaidii mtu wa Sake. Zinamfanya aamini kwamba lishe bora ni ya matajiri. Swali la kumuuliza ni moja: chungu cha leo kina nini tayari, na ni kitu gani kimoja kinachoweza kuongezwa?

Shirika la FAO lina kipimo kinacholingana na swali hilo. Vyakula vimegawanywa katika makundi 10, na mwanamke aliyekula angalau makundi 5 kwa siku ana nafasi kubwa zaidi ya kupata vitamini na madini anayohitaji. Kila kundi lazima lifikie gramu 15 hivi, kama kijiko kikubwa kimoja. Nyanya moja iliyoyeyushwa kwenye mchuzi wa watu wanane haihesabiki. Bugali ni kundi la kwanza, maharagi la pili, mboga ya lengalenga la tatu, samaki wadogo waitwao sambaza la nne. Papai lililoiva linatimiza matano, na nyama haijaguswa.

Sambaza hao wanastahili sifa zaidi ya wanayopewa. Hawakuwa wa Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Leo wavuvi wanawavutia usiku kwa taa. Kwa kuwa huliwa wazima, na vichwa na miiba yao, wanaleta kalsiamu pamoja na protini. Wakikaushwa na kutwangwa wanakuwa unga, na kijiko kimoja chake kinageuza uji wa mtoto. Familia isiyoweza kununua kilo ya nyama mara nyingi inaweza kununua fungu la sambaza.

Mboga nazo zina masharti yake. Majani ya muhogo, yaani sombe, yana protini na vitamini A, lakini mabichi yana sumu ya sianidi; yatwangwe vizuri, kisha yachemshwe bila kifuniko ili sumu itoke na mvuke. Mihogo michungu inahitaji kulowekwa siku kadhaa kabla ya kukaushwa. Wakati wa njaa watu hufupisha siku hizo, na wakikosa pia protini wanaweza kupata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla uliofahamika tangu mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Mawese mekundu, kidogo tu ndani ya sombe, yana vitamini A yake yenyewe na husaidia mwili kuipokea ile ya majani.

Kwa maharagi, kuyaloweka usiku kunapunguza kuni na pia vitu vinavyozuia chuma kuingia mwilini. Ndimu ikikamuliwa juu ya chakula inakisaidia chuma hicho kuingia. Chai inafanya kinyume. Ni afadhali inywewe saa moja au mbili baada ya kula, hasa na mama mjamzito.

Mtoto ana hesabu yake. Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama peke yake, hata maji hapana. Baadaye uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Na apewe sahani yake. Kwenye sinia moja kaka zake wanakula haraka kuliko yeye, na mama hawezi kujua mdogo amepata matonge mangapi.

Yote hayo yanamdai mtu awe na shamba, chungu na kuni. Februari 2024 mabomu yaliwafukuza wakaazi wengi wa Sake kuelekea kambi za Goma. Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Kumwambia mama aliyekimbia na mtoto mgongoni abadilishe makundi ya chakula ni kumkosea heshima. Kwake kuna utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 5. Chini ya milimita 115 rangi ni nyekundu: apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, ambako asiye na ugonjwa mwingine mkubwa hutibiwa nyumbani kwa vifuko vya siagi ya karanga yenye maziwa, mafuta na vitamini. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano. Sehemu ya juu ya nyayo za miguu yote miwili nayo ibonyezwe kwa kidole gumba: shimo likibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata kama utepe unaonyesha kijani.