Neno 'Uhuru' limo angani. Elimu yake i wapi?

Katika orodha ambazo wanafalaki wa dunia nzima huzitumia hadi leo, mna alama kama 4U 1700-37 na 4U 1820-30. Msomaji asiye wa fani hiyo atadhani kuwa hizo ni nambari za magari. Tarakimu za mwisho huonyesha mahali kitu kinachotajwa kilipo angani, na tarakimu 4 huonyesha kwamba orodha yenyewe ni toleo la nne. Iliyonishikisha kalamu ni ile herufi U. Herufi hiyo ni ufupisho wa neno letu wenyewe: Uhuru.

Naam, Uhuru lilikuwa jina la setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitalia baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Mhandisi Mmarekani aliyeusimamia mradi huo, Bi. Marjorie Townsend, ndiye aliyechagua jina hilo, kwa heshima ya siku yenyewe na kwa shukrani kwa wenyeji wake. Pwani yetu ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Isitoshe, chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Kazi ya setilaiti hiyo haiwezi kuelezwa pasipo kumtaja mtu aliyeiwazia. Riccardo Giacconi alizaliwa Genoa, Italia, mwaka wa 1931, akapata shahada ya uzamifu Milan mwaka wa 1954, na miaka miwili baadaye akahamia Marekani. Alivutiwa na swali ambalo wengi waliliona halina faida: je, kuna vitu angani, mbali na jua letu, vitoavyo eksirei? Hewa inayoizunguka dunia huzuia mionzi hiyo, basi hata darubini iliyo kileleni mwa mlima haiwezi kuipokea. Sharti mtu apande juu ya hewa. Tena, wataalamu walikuwa wamekwisha kukadiria kwamba nyota nyingine, kama zingetoa eksirei kwa kiwango cha jua letu, zingekuwa hafifu mno kwa vyombo vya wakati ule.

Mnamo Juni 1962, Giacconi na wenzake walirusha roketi huko New Mexico. Ilikaa juu ya hewa kwa dakika zisizozidi sita, kisha ikaanguka. Katika dakika hizo chache iligundua mambo mawili: kitu kimoja king'aacho kwa eksirei katika kundi la nyota liitwalo Nge, na mng'ao hafifu uliotapakaa kila upande wa anga. Hakuna aliyejua mng'ao huo ulitoka wapi. Mwaka uliofuata Giacconi aliwasilisha mpango wa miaka mingi, ambamo aliomba setilaiti ya kulipima anga lote na, baadaye, darubini kubwa ya eksirei. Setilaiti aliipata baada ya miaka saba. Darubini aliingoja miaka thelathini na sita.

Uhuru ilikuwa chombo kidogo, chenye uzani wa kilo 140 hivi. Haikuwa na uwezo wa kupiga picha. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa muda wa dakika kumi na mbili hivi, mfano wa taa ya mnara wa bandarini, na vipokezi vyake vikapitia ukanda mmoja wa anga. Kisha mhimili wake ukasogezwa kidogo, na ukanda mwingine ukapitiwa. Hivyo ndivyo ilivyoendelea hadi mwaka wa 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka wa 1978, ilikuwa na vitu 339. Kabla yake, roketi zote zilizorushwa zilikuwa zimegundua makumi machache tu.

Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na nyota pacha, ambazo moja hunyonya gesi ya mwenzake. Kulikuwa na kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho uchunguzi wake uliwafanya wanafalaki wakubali kwamba mashimo meusi yapo kwa kweli. Lakini lililonivutia zaidi ni habari ya galaksi. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Hii yetu ndiyo ile Njia Nyeupe tuionayo usiku wa kiza. Galaksi nazo huishi kwa makundi. Kundi liitwalo Coma, ambalo nuru yake huchukua takriban miaka milioni 300 kutufikia, lina galaksi zaidi ya elfu moja. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei za makundi kama hayo hutoka katika eneo pana lililo baina ya galaksi, mahali ambapo darubini za kawaida huona giza tupu.

Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba pale pamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na kwamba uzito wa gesi hiyo unazidi ule wa nyota zote za kundi. Fauka ya hayo, gesi yenye joto kiasi hicho ingekwisha tawanyika zamani kama isingeshikiliwa na mvutano mkubwa kuliko ule wa vitu vyote vionekanavyo. Fritz Zwicky alikuwa ameshuku jambo kama hilo tangu mwaka wa 1933, alipoona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kupita kiasi. Leo wanafalaki huita kitu hicho kisichoonekana maada ya giza, na wangali wakiitafuta asili yake. Ushahidi muhimu wa kuwapo kwake, basi, ulianza kukusanywa na chombo kilichotoka bahari ya Ngomeni.

Giacconi hakukoma hapo. Darubini aliyoiomba mwaka wa 1963 ilirushwa mwaka wa 1999 na kupewa jina Chandra. Yeye na wenzake waliielekeza kwenye kipande cha anga kidogo kuliko mwezi mpevu, wakakitazama kwa jumla ya sekunde milioni moja, yaani siku kumi na moja na nusu. Ule mng'ao uliotapakaa, waliouona mwaka wa 1962, ukagawanyika machoni mwao ukawa nukta nyingi. Sehemu yake kubwa hutoka katika galaksi za mbali ambazo katikati yake mna mashimo meusi makubwa ajabu. Swali la roketi ya dakika sita lilipata jibu baada ya takriban miaka arobaini. Mwaka wa 2002 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na wanasayansi wengine wawili, naye akafariki mwaka wa 2018. Kazi yenyewe inaendelea: orodha iliyotolewa mapema mwaka wa 2024 kutokana na darubini ya Kijerumani iitwayo eROSITA ina vitu kama laki tisa, katika nusu ya anga pekee.

Sasa nauliza: ni wanafunzi wangapi wa shule zetu za upili waliowahi kusimuliwa habari hizi? Na miongoni mwao, ni wangapi waliosimuliwa kwa Kiswahili? Neno letu lilipandishwa angani, lakini elimu iliyopatikana kwa jina hilo haikuteremshwa kwetu kwa lugha iliyolizaa neno lenyewe. Tulitoa jina na bahari. Maelezo tukawaachia wengine.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa limezoeleka masikioni mwangu: Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Ninamwomba mwenye hoja hiyo arudi juu na kusoma upya aya zilizotangulia. Neno eksirei silo langu. Mama yeyote aliyempeleka mwanawe hospitalini baada ya kuvunjika mkono analijua, na amelizoea kiasi kwamba hakumbuki lilitoka wapi. Lugha ililipokea neno la kigeni, ikalitia irabu mahali palipostahili, likawa letu, kama vile zamani ilivyolipokea neno la Kiarabu huru, ikalibandika kiambishi u-, tukapata jina la kile tulichokipigania. Shida ni kwamba mtoto wa mama huyo huliacha neno eksirei hospitalini. Akiingia katika somo la fizikia huanza upya kwa Kiingereza, kana kwamba mionzi iliyoupita mkono wake ni nyingine na ile ya kundi la Coma ni nyingine.

Wala elimu ya anga si ngeni kwetu. Neno falaki limo katika lugha hii tangu kale. Manahodha wa pwani walisafiri usiku wakifuata nyota, na wakulima walikitazama kilimia, ambacho jina lake, kwa mujibu wa wataalamu wengi, limetokana na kulima, ili wajue majira ya mvua. Watu hao walipima, walihesabu, wakahifadhi walichokijua kwa maneno yao wenyewe. Kinyume cha mambo ni hiki: babu asiyejua kusoma aliweza kuzungumzia nyota kwa lugha yake, ilhali mjukuu mwenye shahada hujikuta akigugumia.

Hata katika kutoa majina tumekuwa na kigeugeu. Mmarekani alituchagulia neno Uhuru. Mwaka wa 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Waitalia, kilipeleka angani setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya. Tukaiita 1KUNS-PF, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Mnamo Aprili 2023 tulirusha nyingine tukaiita Taifa-1, nami nikafurahi. Hata hivyo, jina ni mlango tu, na mlango usio na nyumba nyuma yake haumkingi mtu mvua.

Ninapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, waandishi wa vitabu vya Kiswahili vya shule za upili watie habari ya setilaiti ya Uhuru miongoni mwa vifungu vya ufahamu, badala ya kurudia hadithi zilezile za sungura na fisi. Pili, wahadhiri wa fizikia na wa Kiswahili, ambao katika vyuo vingi hawatenganishwi ila na ua mmoja, wakae pamoja waandike kijitabu cha elimu ya anga kwa lugha ambayo mvuvi wa Ngomeni ataielewa akisomewa na bintiye. Mvuvi huyo anaijua bahari ambako Uhuru iliondokea. Ana haki ya kujua iliona nini ilipofika.