Mfupa na Ulinzi wa Mwili: Funzo kutoka Mwambao wa Bagamoyo

Mgeni anayezitembelea nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo huziona boriti za mikoko zilizobeba dari kwa zaidi ya miaka mia moja. Boriti ikishapachikwa ukutani haibadiliki tena, isipokuwa kwa kuoza. Watu wengi huidhania mifupa yao kuwa ya namna hiyo, yaani miti mikavu iliyowekwa ili kuubeba mwili. Dhana hiyo si sahihi. Mfupa u hai. Kila siku sehemu zake hubomolewa na kujengwa upya, na katika mwili wa mtu mzima kadiri ya sehemu moja katika kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Kazi hiyo hufanywa na aina mbili za chembe hai. Wako wajenzi, ambao hutandaza protini na madini ya chokaa. Na wako wabomoaji, ambao huuyeyusha kwa asidi mfupa uliochakaa. Kazi zao zikilingana, mfupa hudumu imara. Jambo la kustaajabisha ni nasaba ya hao wabomoaji. Asili yao ni uboho, katika ukoo ule ule wa chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu. Kwa maneno mengine, askari wa ulinzi wa mwili na wabomoaji wa mfupa ni ndugu waliozaliwa nyumba moja.

Ndugu hao hutumia pia lugha moja. Mwaka 1997 wataalamu wa kinga ya mwili waliitambua protini iitwayo RANKL, ambayo chembe za ulinzi huitumia kupelekeana habari. Mwaka uliofuata ilidhihirika kwamba protini hiyo hiyo ndiyo inayowaamrisha wabomoaji wa mfupa waanze kazi. Basi, jeshi la ulinzi linapopiga mbiu ya vita kwa muda mrefu, wabomoaji nao huisikia, na mfupa huliwa.

Hapo ndipo habari hii inapowagusa wakazi wa mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, ambako kwa vizazi vingi malaria imekuwa homa ya kurudi mara kwa mara. Vimelea vya malaria vinapokula damu huacha taka za rangi nyeusi, na baadhi ya taka hizo hujikusanya katika uboho. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walitangaza kwamba katika panya waliokwisha kupona malaria, mabaki ya vimelea yalibaki ubohoni, yakaendelea kulichokoza jeshi la ulinzi, na mifupa ya panya hao ikapungua. Panya waliopewa dawa ya jamii ya vitamini D walinusurika na hasara hiyo. Ni kweli kwamba panya si mtu. Lakini tunajifunza kwamba homa ikiisha, si lazima vita navyo viwe vimekwisha.

Yako pia maradhi ambayo vita vyake havina adui wa kutoka nje. Jeshi hukosea, likaushambulia mwili wenyewe. Mojawapo ni ile baridi yabisi inayovimbisha viungo: utando laini wa ndani ya kiungo huvamiwa, wabomoaji huitwa kwa wingi, na ncha za mifupa hulika. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Je, maradhi hayo yana uhusiano wowote na malaria? Daktari Brian Greenwood, alipokuwa Ibadan, Naijeria, alieleza mwaka 1968 kwamba maradhi ya mwili kujishambulia yalikuwa adimu hospitalini huko, akadhani kuwa sababu ni maambukizo ya vimelea. Mwaka 2010 ikatangazwa habari ya watoto wa Kenya. Wale waliorithi kwa wazazi wote wawili badiliko fulani linalolegeza breki za chembe za ulinzi walipatwa na malaria kali kwa nadra zaidi. Lakini katika watu wa Ulaya na Asia, badiliko hilo hilo huandamana na lupasi, maradhi ambayo mwili hujishambulia. Ukali unaomwokoa mtoto na malaria ndio huo huo unaoweza kuugeukia mwili baadaye.

Asifikiri mtu kwamba basi mbu waachwe. Malaria huua, na wanaokufa zaidi ni watoto wadogo. Iliyo bora ni kulifundisha jeshi mapema, na kazi hiyo imefanyika Bagamoyo kwenyewe. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara yalifanyika majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto wachanga, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2021 yalianza majaribio makubwa ya chanjo ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2023. Chanjo humwonyesha askari sura ya adui kabla ya vita, ili vita vikija viwe vifupi. Ulinzi ulio bora si ule wenye ukali mwingi, bali ule unaopiga kwa wakati na kujua kuacha.

Kwa msomaji liko jambo moja la kushika. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, na kila asubuhi vikawa vimekakamaa kwa nusu saa au zaidi, kwa majuma kadhaa, usiseme ni uzee wala upepo wa bahari. Nenda hospitali mapema. Dawa kama methotreksati hulituliza jeshi kabla kiungo hakijaharibika, na kiungo kilichokwisha kulika hakirudi kuwa kama zamani. Wala usinunue dukani vidonge vya prednisoloni ukavimeza miezi na miezi bila ya ushauri wa daktari. Hupoza maumivu upesi, lakini vikitumiwa kwa muda mrefu navyo huidhoofisha mifupa.